Jina la Atupele Hewani

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za chumba cha kompyuta, na kijana aliyezipokea akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu pale mlangoni. Alitaka kujua nimewezaje kuishi miaka yote hiyo na wanafunzi wa sekondari na mashine zinazozungumza na dunia nzima, bila wasiwasi. Jibu fupi ni kwamba sikuweza. Wasiwasi nilikuwa nao tangu mwanzo, na nimestaafu nao. Jibu refu halianzi na kompyuta. Linaanza na kisanduku cha chuma cha rangi ya kijivu, katika shule ya bweni kwenye milima ya Iringa, miaka ya sabini. Nawaandikia ninyi mliobaki kazini. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka, maana sijaona zikimsaidia mtu darasani.

Nilifika shuleni pale nikiwa mwalimu mpya wa jiografia, nimepanda lori la mbao, nimelowa mpaka vitabu. Shule ilikuwa juu ya kilima, njia ya kwenda Kilolo, na barabara yake ilikuwa ikikatika kila masika. Simu ya waya haikuwepo. Barua ilifika ilipotaka. Kilichotuunganisha na watu wengine ni simu ya upepo, yaani redio ya kusema na kujibiwa, iliyokuwa katika chumba kidogo kando ya karakana. Mkuu wa shule alinikabidhi usimamizi wake siku ya kwanza. Nilidhani ameona kipaji fulani kwenye vyeti vyangu. Baadaye niligundua kwamba nyumba niliyopewa ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na mlango wa chumba hicho.

Aliyenifundisha mashine ile ni Ndugu Kihwele, fundi wa karakana, Mhehe mrefu asiyependa haraka. Alinionyesha jinsi ya kupima maji ya betri ya lori iliyoiendesha, na jinsi ya kutazama waya uliotoka dirishani ukapanda hadi kwenye mkaratusi, kwa sababu kunguru walikuwa wakiuchezea. Kisha akaniwekea kipaza sauti mkononi. Ubavuni kilikuwa na kitufe.

"Mwalimu, ukibonyeza wewe ni mdomo," alisema. "Ukiachia, wewe ni sikio. Huwezi kuwa vyote viwili. Wasomi wengi hapa wanasahau kuachia."

Nieleze vizuri hapa, maana yote yaliyofuata yametokana na jambo hili. Katika simu ya upepo, unapobonyeza kitufe sauti yako inatoka na masikio yako yanazibwa. Mtu akikupigia kelele unyamaze, humsikii. Na unachokisema hakiendi kwa mmoja. Kinaingia katika kila kituo chenye redio ya aina hiyo, iwe umekiita au hukukiita.

Vituo vyetu vilikuwa vinne ukiacha sisi. Kimoja kilikuwa misheni ya bonde la Usangu, kingine kwenye hospitali ndogo huko Makongolosi, upande wa Chunya, cha tatu kanisani nje kidogo ya Mbalizi, na cha nne katika zahanati ya upande wa Kilolo. Kila siku saa kumi alasiri shule iliita vituo kwa zamu, na kila kituo kiliitika "nipo". Mwitaji aliuliza kama kina neno. Chenye neno kilisema: dawa zimekwisha, mgonjwa anakuja, lori limekwama. Kisicho na neno kilijibu "sina neno" na kunyamaza. Tuliuita utaratibu huo mwito.

Lakini vituo havikuzima redio baada ya mwito. Hilo nililijua nilipopita Usangu wakati wa likizo. Nilikuta redio imewekwa dirishani, sauti imefunguliwa hadi mwisho, na barazani wamejaa watu. Walikuwepo wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wameegemea fimbo, wakingoja kusikia kama mvua imenyesha upande wa Chunya. Walikuwepo akina mama na vikapu vyao. Redio ile ilikuwa gazeti lao. Mwendesha kituo aliniambia kwamba hata Mbalizi ni hivyohivyo, tena huko wanaleta na chai.

Niliporudi shuleni sikutulia. Jumamosi, mwito ukiisha, wanafunzi waliruhusiwa kutuma salamu nyumbani kwa njia ya redio, na kabla ya kumpa mtu kipaza sauti nilimwambia anisomee kwanza anachotaka kusema, huku akifikiri kwamba mama mkwe wake ameketi pale barazani anasikiliza. Walicheka, kwa kuwa hawakuwa na wakwe. Lakini walisoma, na mara nyingi walifuta.

Miaka ile shule zote zilitakiwa kuwafundisha watoto kujitegemea. Wanafunzi wetu walilima mahindi, walifuga nguruwe, walipika. Mkuu wa shule akaona hata simu ya upepo iendeshwe nao, akawapa ufunguo wavulana wawili wa kidato cha tatu. Nilimweleza wasiwasi wangu. Akanijibu kwa upole kwamba mtoto aliyeaminiwa kuchinja nguruwe anaweza kuaminiwa kubonyeza kitufe. Sikuwa na jibu la haraka. Ninalo sasa: nguruwe akichinjwa vibaya, wanajua walio jikoni tu.

Mmoja wa wavulana hao aliitwa Festo. Alikuwa na sauti nzito, nzuri, na alipenda kuigiza wasoma habari wa redio. Mwenzake, Yohana, kazi yake kubwa ilikuwa kumcheka. Hawakuwa watoto wabaya. Nasema hivyo kwa sababu ninyi pia, mtakapompata aliyeharibu kitu kikubwa kwa mashine, mtamtafuta mtu mbaya na hamtamwona.

Jumamosi moja asubuhi walitumwa kufagia chumba cha redio. Walifagia upesi. Kisha wakachukua kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, ambacho Ndugu Kihwele alikitumia kufunga kitufe wakati wa kusoma ujumbe mrefu ili kidole kisichoke. Wakakifunga kitufe, Festo akakaa mezani, akasoma taarifa ya habari ya shule. Waliamini kwamba nje ya saa ya mwito hakuna mtu upande wa pili. Kwao ulikuwa mchezo wa watu wawili chumbani.

Taarifa ilianza na wadudu waliokutwa kwenye maharage, ikaenda kwenye suruali ya mkuu wa shule iliyopasuka gwarideni. Vituoni watu walicheka. Halafu Festo akatangaza kwamba mwanafunzi wa kidato cha tatu, Atupele, binti wa mwinjilisti wa Mbalizi, anatapika kila asubuhi, na kwamba wataalamu wanaendelea kumtafuta mhusika. Mwendesha kituo wa Makongolosi alituambia baadaye kwamba alibonyeza kitufe chake na kuwapigia kelele wanyamaze. Lakini kitufe cha shule kilikuwa kimefungwa kwa mpira, na kwa hiyo masikio yao yalikuwa yamezibwa.

Mimi nilipata habari saa kumi. Nilikuwa nimekaa pembeni ya Festo wakati wa mwito, kama kawaida. Aliita Usangu. Badala ya "sina neno", mwendesha kituo aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za msiba, yule binti wa Mbalizi hali yake ikoje. Nilimtazama Festo. Sura yake ilinieleza yote kabla hajafungua mdomo.

Kwa ninyi mlio wageni na miaka ile, niwakumbushe kilichokuwa hatarini. Msichana mwenye mimba alifukuzwa shule siku hiyohiyo, na hakuna shule nyingine iliyompokea. Msichana aliyesemwa tu kuwa na mimba hakufukuzwa na shule. Alifukuzwa na aibu. Baba yake alikuwa akija, anabeba sanduku la bati, na baada ya muda mfupi tunasikia binti ameozwa. Niliwahi kuona jambo hilo kwa wasichana wengine, kwa uvumi mdogo kuliko huu, tena uvumi wa kijiji kimoja. Huu ulikuwa umesikika tangu Kilolo mpaka Chunya.

Mbalizi walipoitwa walisema jambo moja: baba yake Atupele amepata habari, na kesho anapanda basi kuja kumchukua.

Atupele alikuwa na malaria. Nesi wa shule alikuwa akimpa vidonge asubuhi kabla ya uji, na tumbo tupu lilivikataa. Ndiyo habari yote iliyokuwepo. Nilikwenda bwenini nikamkuta ameshasikia. Alikuwa anakunja nguo zake. Hakuwa analia, na hilo lilinitia hofu kuliko kama angelia.

Jioni mkuu wa shule alituita ofisini, mimi, nesi na Atupele. Wavulana alikuwa ameshawaambia kwamba watarudishwa kwao. Mpango wake ulikuwa wa haraka na wa nia njema: nesi ampime Atupele, kisha kesho saa kumi yeye mwenyewe atangaze hewani kwamba msichana huyu hana mimba, ili vituo vyote visikie kutoka kwa mkuu. Nesi aliitikia kwa kichwa. Mimi nilisita. Atupele ndiye aliyesema, macho yake yakiwa sakafuni.

"Mkuu, nakuomba usitangaze. Ukisema Atupele hana mimba, watu watakumbuka maneno mawili tu. Atupele, na mimba."

Mkuu aliweka kalamu chini. "Sasa unataka tunyamaze, mwanangu? Tukinyamaza watasema ni kweli."

"Sitaki mnyamaze. Nataka niite vituo mimi." Hapo akainua uso. "Mwenye mimba anafukuzwa, kila mtu anajua. Wakinisikia kesho, na wiki ijayo, na mwezi ujao, niko hapa nauliza kama dawa zimefika, hesabu watafanya wenyewe."

Nimefundisha miaka mingi tangu siku ile na nimehudhuria semina nyingi juu ya vijana na mitandao, nyingine zikiwa na chai nzuri sana. Sijasikia ushauri unaoushinda ule kuhusu jina lililochafuliwa mbele ya watu. Mkuu alisema atalifikiria, na Jumapili hakutangaza lolote. Hakuna msichana aliyewahi kuendesha mwito, na alihofia vituo vitamdhihaki. Niseme kweli, mimi pia nilihofia. Nilimwona kichwani mwangu akishindwa kusema hewani huku vituo vyote vinasikiliza, nikawaza kama hatutakuwa tumemtupa kwa watu walewale.

Kuhusu wavulana, nilimwomba mkuu asiwarudishe nyumbani. Kijana aliyefukuzwa angejifunza kwamba shule ina hasira, basi. Nilitaka ajifunze kwamba upande wa pili kuna watu. Tulikubaliana kwamba watakuja kila siku kwenye mwito, wataketi kwenye benchi na kusikiliza, bila kugusa kitu, mpaka muhula uishe. Kabla ya hapo Festo alikwenda kumwomba Atupele msamaha mbele yangu. Alianza hotuba ndefu kwa ile sauti yake nzuri. Atupele alimkatiza.

"Sauti hiyo nenda kawasomee nguruwe," alisema. "Wao hawana baba wa kupanda basi."

Nadhani hapo ndipo Festo alipoelewa.

Baba yake Atupele alifika Jumatatu mchana. Alikuwa mtu mfupi, amevaa koti jeusi lililojaa vumbi, mwavuli mkononi. Alikuwa ametoka Mbeya kwa basi, akalala Iringa mjini, akapanda kwetu juu ya mzigo wa mbao. Nilimkaribisha kwangu, nikampa kiti na maji. Alikaa, lakini maji hakuyagusa. Aliuliza sanduku la mwanawe liko wapi.

Nilimweleza habari ya malaria na vidonge, polepole, kama ninavyoeleza mambo yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, mimi sikuja kuuliza kama ni kweli," alisema. "Mwanangu namjua. Nilikuwa palepale barazani, nakunywa chai na wazee wa kanisa. Jina lake likatajwa, na la kwangu. Hakuna aliyenitazama. Wote walitazama vikombe vyao. Kama mtu mmoja angenitazama, nisingekuja."

"Ukimchukua, mzee, watajua walikuwa sahihi kutazama vikombe."

"Na nikimwacha, Jumapili nitasimama mbele yao niseme nini?"

Lori la kurudi mjini halikuwepo mpaka asubuhi. Nchi yenye magari machache ina faida zake. Nilimwomba asubiri, aje asikilize mwito, kisha aamue. Hakukubali wala hakukataa. Nilikwenda mbio kwa mkuu kumwambia kwamba kama anataka kufikiria zaidi, muda umekwisha. Alitoa mfukoni ufunguo wa chumba cha redio, akanipa.

Saa kumi chumba kilijaa kuliko kilivyowahi kujaa. Ndugu Kihwele alisimama karibu na betri. Festo na Yohana walikaa kwenye benchi, mikono magotini. Baba alisimama mlangoni na mwavuli wake, hakutaka kuingia ndani wala kubaki nje. Atupele alikaa mezani. Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

Aliita Usangu. Sauti ikauliza anayeita ni nani leo.

"Anaita Atupele, kidato cha tatu. Una neno?"

Nilisikia mlio wa redio kama mafuta kwenye kikaango.

"Sina neno," Usangu wakajibu.

Akaita Makongolosi. Mwendesha kituo yule, ambaye alikuwa mcheshi kwa kawaida yake, alisema kwa mshangao wa kweli kwamba kumbe yupo. Atupele akamjibu kwamba yupo, na kama ana neno aseme, maana betri ya shule si ya mchezo. Nilimsikia mtu akicheka huko Makongolosi, lakini hakikuwa kile kicheko cha kumcheka mtu. Ndugu Kihwele aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika, nadhani kwa sababu ya betri.

Kisha akaita Mbalizi.

Hakuna aliyejibu. Aliita mara ya pili, sauti yake imeshuka kidogo. Hakuna. Kwa utaratibu wetu, kituo kikiitwa mara tatu bila kuitika kilihesabiwa hakipatikani, na mwitaji aliendelea na kinachofuata. Lakini sote tulijua Mbalizi wapo. Saa kumi baraza lile lilikuwa limejaa kama kila siku, redio dirishani, wazee na vikombe vyao. Walikuwa wanamsikia. Hawakujua tu waseme nini na binti ambaye jina lake lilipotajwa walitazama chini. Mimi nilihesabu jambo hilo kuwa limeharibika. Nilianza kutafuta maneno ya kumwambia mtoto mara tutakapotoka nje.

Atupele alikuwa hajaita mara ya tatu. Alikuwa amekishika kipaza sauti tu. Baba yake akatoka mlangoni, akaegemeza mwavuli ukutani, akanyoosha mkono. Binti akampa. Alibonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama mtu anayeua siafu.

"Mbalizi," alisema. "Ni mimi, nipo huku shuleni. Anayewaita ni mwanangu. Mnamsikia. Itikeni."

Akabaki hivyo, amebonyeza, anangoja. Atupele akaweka mkono wake juu ya mkono wa baba, akakiinua kile kidole taratibu.

"Achia, baba. Ndiyo watasikika."

Mlio wa kikaango ukarudi. Yohana alikuwa amefumba macho.

"Mbalizi tupo," sauti ikasema hatimaye. Halafu, kama mtu aliyekohoa kwanza: "Tupo, mwinjilisti. Tunamsikia vizuri sana."

Baba akamrudishia binti kipaza sauti.

"Mbalizi, una neno?"

"Tunalo moja. Mama yako yupo hapa barazani. Anauliza, mtarudi lini?"

Atupele aligeuka na kumtazama baba yake, kipaza sauti kikiwa katikati yao. Mzee alitazama benchi walipokaa wale wavulana, akawatazama kwa muda mrefu, mmoja baada ya mwingine, hadi Festo akainamisha kichwa. Kisha akainama juu ya meza na kubonyeza kitufe kikiwa bado mkononi mwa mwanawe.

"Mwambieni nitarudi kesho," alisema. "Peke yangu."

Akachukua mwavuli wake akatoka nje, na nikamsikia akipenga kamasi karibu na mkaratusi. Atupele alijifuta uso kwa mkono wa sweta. Mwito ulikuwa haujaisha.

"Kilolo, Kilolo, hapa ni shuleni," akaita. "Una neno?"